Neno Nililolitupa Uwanjani



Mliohudhuria Misa ya kwanza Dominika iliyopita mlinisikia, baada ya matangazo ya ndoa na ya jumuiya, nikisema maneno machache ambayo hayakuwa tangazo. Wengine mlisimuliwa nusu na jirani, na nusu ya habari aghalabu huzaa uvumi mwingine. Kwa sababu hiyo nimeona juma hili niandike jambo zima, tangu mwanzo hadi hapa lilipofikia, bila kujipendelea. Kijana linalomhusu ameniruhusu kuandika, kwa sharti kwamba nisimtaje jina, na kwamba nisimfanye mtakatifu. Nitayatimiza yote mawili.

Mnajua kwamba napenda mpira wa miguu. Nilipokuwa seminarini nilicheza beki wa kulia, beki wa nguvu nyingi na akili kidogo, kama alivyopenda kuniambia gombera wetu. Mpira ninaoupenda mimi ni huu wa karibu, unaochezwa na vijana ninaokutana nao njiani wakipakia abiria na magunia ya kahawa. Juu kabisa ipo Ligi Kuu. Chini yake Championship, ambayo hadi mwaka 2021 iliitwa Ligi Daraja la Kwanza. Kisha First League. Kisha mashindano ya mabingwa wa mikoa. Na chini ya hayo yote ipo ligi ya mkoa. Huko chini ndiko iliko timu ya mji wetu. Huko hakuna kamera wala mshahara. Mchezaji hulipwa nauli, na mara nyingine hailipwi hiyo nauli.

Jumamosi ya mwezi uliopita timu yetu ilikuwa na mchezo wa mwisho wa ligi, Songea mjini. Ilihitaji sare tu. Sare ingetupeleka kwenye mashindano ya mabingwa wa mikoa, kwa mara ya kwanza tangu nifike parokiani. Nilimwomba Paroko msaidizi asikilize maungamo ya jioni, nikavaa koti la mvua na kofia ya sufu, na saa 2 asubuhi nikapanda Coaster pamoja na mashabiki wengine ishirini na sita. Wachezaji walitangulia katika gari lingine.

Safari ya shabiki wa timu ndogo ina furaha yake. Tulishuka vilima taratibu, huku pande zote mbili kukiwa na mashamba ya ngolo, yale mashimo ya Wamatengo ambayo kwa vizazi vingi yamezuia udongo usichukuliwe na mvua. Kina mama wawili wa kwaya walikuwa na sufuria la mihogo ya kuchemsha. Vijana walipiga ngoma ya ndoo ya plastiki. Tulipopita njia panda ya Peramiho, ambako Wabenediktini walianza umisionari wao mwaka 1898, mmoja akapendekeza tusali Salamu Maria moja kwa ajili ya sare. Nilisali nao. Nilijua vema kwamba huenda wenzetu nao walikuwa wanasali mahali fulani kwa nia iliyo kinyume, lakini siku hiyo sikutaka kuwa mwanateolojia.

Kiti cha mbele alikaa mzee ambaye nitamwita Mzee wa Jezi, kwa kuwa ndiye azifuaye. Ana miaka sabini na kitu. Kila baada ya mchezo huchukua jezi zote nyumbani kwake, huzifua kwa mkono, huzianika juu ya ua, na huzihesabu kabla ya kuzikunja. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Katika miaka yangu hapa sijapata kusikia kwamba alikosa mchezo mmoja. Njiani alitusimulia habari za Majimaji ya Songea, timu iliyobeba jina la vita vya mwaka 1905 hadi 1907, na ambayo wenyeji huiita Wanalizombe kwa ajili ya ngoma ya Wangoni. Alituambia jinsi katika miaka ya themanini timu hiyo ilivyotwaa ubingwa wa Muungano. Vijana walimsikiliza kama wanaosikiliza hadithi za kale, maana wao wanaijua Majimaji iliyorudi Ligi Kuu mwaka 2015 na kushuka tena mwaka 2018. Mzee akasema, "Timu ikishuka, mashabiki wake ndio hupimwa." Kisha akanyamaza, akaangalia mvua.

Mvua ilikuwa imeanza Kitai, na haikutuacha.

Tulilipa shilingi elfu moja kila mtu mlangoni. Watu walikuwa wachache, labda mia tatu, nao walijikusanya mahali palipo na paa. Mistari ya chokaa ilikuwa imeanza kuyeyuka, na mshika kibendera wa upande wetu alikimbia huku ameinua suruali kidogo kama mtu avukaye kijito. Muuza karanga alifunika beseni lake kwa nailoni. Wenyeji wetu walikuja na vuvuzela nne; sisi tulikuwa na ndoo yetu.

Sasa nimtaje mlinda mlango wetu. Ana miaka kumi na tisa. Ni mtoto wa parokia hii. Alitumikia altareni kwa miaka minne, na bado nakumbuka jinsi alivyokuwa akibeba chetezo kwa tahadhari, kana kwamba amebeba maziwa. Siku za juma huendesha bodaboda si yake, na kila jioni humpelekea mwenye pikipiki hesabu yake. Jioni hiyohiyo, kabla giza halijaingia, hufanya mazoezi.

Dakika ya 31 beki wetu alimkwatua mshambuliaji wao ndani ya eneo la hatari. Penalti. Mpira hutengwa mita kumi na moja tu kutoka golini, na goli lina upana wa zaidi ya mita saba. Kijana wetu alisimama katikati ya mlango huo, hakurukaruka wala kupunga mikono. Mpigaji akapiga kulia, kijana akaruka kulia, akautoa kwa ncha za vidole, ukawa kona. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Mama mmoja wa kwaya alipiga vigelegele hadi mwamuzi akageuka. Naomba mlikumbuke tukio hili, kwa kuwa sisi tuliokuwa pale tulilisahau kabla ya jioni.

Kipindi cha pili mvua iliongezeka. Mpira uliacha kubingirika. Ulisimama ghafla kwenye madimbwi, au uliteleza kama samaki. Tulihesabu dakika. Ya 70. Ya 75. Ya 80. Mzee wa Jezi alikuwa amesimama peke yake kando ya uzio, nje ya paa, akiwa ameilowanisha kofia yake mikononi.

Dakika ya 84 wenyeji wakapata mpira wa adhabu, mbali, karibu na duara la katikati. Ulipigwa juu, bila nguvu, wa kuokoa muda tu. Mlinda mlango alitoka hatua mbili, akaita, mabeki wakampisha. Aliudaka kifuani. Nasema aliudaka, kwa kuwa niliona mikono yake ikiuzunguka. Kisha mpira ukateleza katikati ya viganja, ukagonga goti lake, ukavuka mstari polepole sana, kama mtu asiyetaka kuingia mahali alipokaribishwa.

Kwa muda mfupi palikuwa kimya. Halafu sauti moja nyuma yangu ikapaza: "Ametuuza!" Nyingine ikaitikia. Na ya tatu, wapendwa, ilikuwa yangu.

Nilisimama juu ya benchi, nikaweka viganja kando ya mdomo, nikapaza sauti ile ile niliyopewa kwa ajili ya kuimba Prefasio: "Ametuuza! Mtoeni, ametuuza!" Sikulisema mara moja. Nililisema mara tatu.

Ninyi mnaofuatilia mpira wetu mnajua uzito wa neno hilo. Mlinda mlango akiitwa mzembe, ni tusi la mchezo, litapita. Akiambiwa hajui kudaka, atabishana au atajifunza. Lakini kuuza mchezo maana yake ni kupokea fedha na kuwasaliti wenzako kumi pamoja na mji mzima. Ni shutuma ya uhalifu, nayo huhitaji shahidi. Mimi sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na hasira tu, na umati wa kuificha ndani yake.

Mchezo uliisha moja kwa sifuri. Wachezaji walilala kwenye matope. Kijana alibaki amechuchumaa mstarini, akiangalia viganja vyake. Nilimwona Mzee wa Jezi akipita kwenye lango dogo la uzio, akamwendea, akamvika koti lake mwenyewe mabegani, akasimama naye. Sidhani kama walizungumza. Mimi nilikwenda kwenye gari.

Njiani kurudi watu walirudia mchezo dakika kwa dakika, na kila waliporudia, kosa lilizidi kukua. Mmoja alisema alimwona kijana akizungumza na mtu asubuhi, karibu na stendi. Mwingine akasema mtu huyo alikuwa na bahasha. Tulipofika Kitai bahasha ilikuwa na laki tatu. Tulipofika nyumbani ilikuwa na laki tano. Nilisikia yote hayo, nikanyamaza, nikijidanganya kwamba ukimya wangu ni busara. Mzee wa Jezi, akiwa amekumbatia mfuko wa jezi zilizolowa, alisema neno moja tu safari nzima, akinigeukia: "Padre, mpira ule ulikuwa umelowa." Nilimjibu, "Hata wa kwao ulikuwa umelowa, mzee." Wakacheka. Yeye hakucheka.

Dominika nilihubiri kama kawaida. Jumatatu na Jumanne zikapita. Jumatano jioni, nikinunua sabuni dukani, nilisikia vijana watatu nje wakibishana juu ya jambo hilo. Mmoja alimtetea mlinda mlango, akasema hakuna uthibitisho. Mwenzake akamjibu kwa utulivu wa mtu mwenye hoja isiyopingika: "Hata Padre alisema. Mwulize yeyote aliyekuwepo. Hata Padre alisema ametuuza."

Nilirudi nyumbani bila sabuni.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Nilikuwa nimelitumia msemo huo mara nyingi nikiwafundisha watoto wa Kipaimara, na sasa niliuona ukinigeukia. Nilidhani nimepaza sauti kama mmoja kati ya mia tatu. Ninyi hamkuisikia kama moja kati ya mia tatu. Mliisikia sauti mnayoisikia kila Dominika ikisoma Injili. Pale nilipodhani nimejificha ndani ya umati, ndipo umati ulipojificha nyuma yangu. Walichokisema wengine kilikuwa kelele; nilichokisema mimi kikawa ushahidi.

Alhamisi asubuhi niliuliza habari za kijana. Nikaambiwa mwenye pikipiki ameichukua, akisema kwamba mtu mwenye laki tano hana haja ya kuendesha bodaboda ya mwingine. Nikaambiwa pia kwamba hakuonekana mazoezini tangu siku ile. Nilikwenda nyumbani kwao kwa miguu. Nilitaka njia iwe ndefu.

Mama yake alinikaribisha kwa heshima ambayo sikustahili, akanipangusia kigoda, akaenda kupika chai. Kijana alitoka uani, akasema, "Shikamoo, Padre," akasimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri kuhusu udhaifu wa kibinadamu na jazba za michezo. Yote yalinitoka. Nikasema, "Mwanangu, nilipaza sauti uwanjani nikasema umetuuza. Nilisema uongo. Nimekuja kukuomba msamaha."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nilisikia, Padre. Wengine sikuwatambua. Wewe nilikutambua."

Baadaye akaongeza: "Ungesema sijui kudaka, ningekubali. Ule mpira ulikuwa wa kudaka. Lakini uliposema nimeuza, niliangalia jukwaani nikatafuta kama kuna mtu atakayekukataza."

Hakuwepo mtu wa kunikataza. Nani amkataze Padre?

Chai ilipokuja, macho yangu yaliangukia glovu zake, zilizokuwa zimeanikwa kwenye kamba kando ya mlango. Niliomba kuziona. Mnajua kwamba viganja vya glovu za mlinda mlango hufunikwa kwa aina ya mpira laini, ambao ndio ushikao. Zake hazikuwa na mpira huo tena. Viganja vyote viwili vilikuwa vimechakaa hadi kitambaa, vikalainika kama kitako cha kikapu kikuukuu. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Nilizilowesha kidogo kwa maji ya kunawa, nikashika kikombe cha plastiki. Kiliteleza.

Hapo ndipo nilipokumbuka bahasha, na safari hii ilikuwa bahasha ya kweli. Mwezi Agosti mwaka jana viongozi wa timu walipita na barua ya mchango wa vifaa. Waliomba shilingi laki nne, kwa ajili ya mipira miwili, viatu vya wachezaji watatu, na glovu. Nami niliwaruhusu waiweke bahasha mlangoni pa kanisa Dominika mbili mfululizo. Zilipatikana shilingi elfu thelathini na saba. Mimi mwenyewe nilitoa elfu mbili, kisha nikaenda kulipia king'amuzi cha nyumba ya mapadre ili tusikose michezo ya Ulaya. Fedha iliyopatikana ilinunua mpira mmoja. Ule mpira uliolowa.

Basi nikaelewa maana ya maneno ya Mzee wa Jezi. Hakuwa anamtetea kijana kwa hisia. Yeye ndiye aliyeziona glovu zile kila juma, akiwa anakusanya vifaa. Alijua mpira wa mvua na kiganja cha kitambaa havishikani. Tuliomwita msaliti ndiye tuliyemnyima vifaa, kisha tukashangaa alipoangusha.

Wapendwa, katika juma hili nimemfikiria sana mlinda mlango mwingine, wa nchi ya mbali. Tarehe 16 Julai mwaka 1950, katika uwanja wa Maracanã jijini Rio de Janeiro, Brazili ilicheza na Uruguay mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia. Brazili nayo ilihitaji sare tu. Zikiwa zimebaki dakika kama kumi na moja, Alcides Ghiggia wa Uruguay alikimbia upande wa kulia. Goli la kwanza la Uruguay lilikuwa limetokana na krosi yake. Kwa hiyo mlinda mlango Moacyr Barbosa alitazamia krosi nyingine, akasogea kidogo. Ghiggia akapiga mpira kati yake na mlingoti wa karibu. Uruguay ikashinda mbili kwa moja. Barbosa aliishi hadi mwaka 2000, na katika miaka hiyo yote hamsini hakuachwa asahau. Alipokuwa mzee alilalamika kwamba adhabu kubwa kabisa katika sheria ya nchi yake ilikuwa kifungo cha miaka 30, ilhali yeye alikuwa ameshalipa miaka mingi zaidi kwa jambo ambalo halikuwa hata kosa lake peke yake.

Zamani nilipoisoma habari hiyo niliwahukumu Wabrazili. Niliwaona watu wasio na huruma. Sasa najua kwamba Maracanã si mbali. Ina ukubwa wa uwanja wowote wenye watu mia tatu, mvua, na mtu mmoja wa kubebeshwa.

Nimejiuliza pia: kwa nini hasira yetu ilikuwa kali kiasi kile kwa kijana wetu, ilhali mlinda mlango wa klabu ya Ulaya akiangusha mpira kwenye televisheni twacheka tu, na juma linalofuata tumemsamehe? Jibu nililolipata halinipendezi. Yule wa mbali hatumdai kitu, wala yeye hatudai. Kumsamehe hakutugharimu. Huyu wa karibu anatudai: anatudai glovu, anatudai nauli, anatudai elfu moja ya mlangoni na saa mbili za Jumamosi. Akianguka, kosa lake linakaribia sana kutuonyesha letu. Ni rahisi zaidi kusema ameuza kuliko kukiri kwamba hatukununua.

Baba Mtakatifu Fransisko, aliyetuaga mwezi Aprili mwaka 2025, alikuwa shabiki wa San Lorenzo ya Buenos Aires, klabu iliyoanzishwa mwaka 1908 na vijana waliofunguliwa ua wa kanisa na Padre Lorenzo Massa, Msalesiani, ili wasiendelee kucheza barabarani penye hatari. Klabu hiyo ilishuka daraja mwaka 1981. Mwaka uliofuata, ikiwa daraja la pili, mashabiki wake walifurika viwanjani kwa wingi wa ajabu, na ikapanda tena. Fransisko alibaki mwanachama wake hata alipokuwa Roma. Naye Mtakatifu Yohane Paulo II, alipokuwa kijana kule Wadowice, alikuwa mlinda mlango. Siwataji ili kuupamba mpira kwa majina makubwa. Nawataja kwa sababu hapo awali nilipenda sana kuwataja kila nilipotaka kuhalalisha mapenzi yangu ya mpira, na sikuwahi kujiuliza wao wangepaza sauti gani dakika ya 84.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alitumia mfano wa mashindano: wakimbiaji, mbio, taji linalonyauka na taji lisilonyauka. Tumezoea kuusoma mfano huo tukijiweka mahali pa mkimbiaji. Naona tungefaidika kuusoma siku moja tukijiweka mahali petu halisi, jukwaani. Sehemu kubwa ya maisha yetu hatukimbii. Tunawatazama wengine wakikimbia. Mume humtazama mke, mzazi humtazama mwanafunzi, mwamini humtazama kasisi, na jirani humtazama jirani. Maneno tunayoyatupa kutoka jukwaani hufika uwanjani. Nasi tunajua ni umati gani, mbele ya Pilato, uliopaza sauti kwa pamoja, kila mmoja akidhani kwamba sauti yake haitahesabiwa.

Nimekwisha kuungama dhambi hii. Paroko msaidizi alinisikiliza, na kitubio alichonipa kimebaki baina yetu na Mungu. Lakini amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo haimaliziki kwenye kiti cha kitubio. Mwizi hurudisha mali. Aliyeharibu jina la mtu naye hudaiwa alirudishe, hadharani kama alivyoliharibu, kadiri inavyowezekana. Ndiyo maana nilisimama Dominika iliyopita. Narudia hapa kwa maandishi, ili mtu yeyote atakayesema "hata Padre alisema" aambiwe pia kwamba hata Padre alikanusha: kijana yule hakuuza mchezo. Nilisema uongo.

Sitaki kuwadanganya kwamba yote yamepona. Nilikwenda kuzungumza na mwenye pikipiki. Alinisikiliza, akasema atafikiri. Hadi naandika, bado anafikiri. Glovu mpya zimenunuliwa, nami nimezilipia, na si sadaka bali ni deni. Nilipompelekea, kijana alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaziweka juu ya kabati zikiwa bado katika mfuko wake. Hakusema kwamba atarudi mazoezini. Hakusema pia kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza mara ya pili. Msamaha si hesabu ya bodaboda, ya kuletwa kila jioni.

Jana jioni, nikirudi kutoka kumpaka mgonjwa Mafuta Matakatifu, nilipita kando ya uwanja wetu. Vijana walikuwa wanafanya mazoezi, na golini alisimama beki mmoja mrefu, akidaka kwa taabu. Mzee wa Jezi alikuwa amekaa juu ya tofali nyuma ya goli, kama kawaida yake. Nikakaa kando yake juu ya nyasi. Baada ya muda aliniambia bila kunitazama, "Padre, jezi namba moja nimeifua. Matope yametoka." Nikamwuliza ataivaa nani. Akasema, "Mimi kazi yangu ni kuiweka tayari."

Ligi mpya haijaanza. Bahasha ya vifaa itawekwa tena mlangoni pa kanisa Dominika ijayo na ile itakayofuata. Mwenye king'amuzi akumbuke bahasha hiyo, nami nikiwa wa kwanza. Na atakayekutana na kijana wetu njiani amsalimie kwa jina lake.

Nawatakieni Dominika njema. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.